Jiwe, Dumu na Tarakimu ya Mwisho

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo na kukipa mahali pake. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma, kwa vidole ambavyo bado vinatii, na kwa riziki ya halali iliyonifikisha uzeeni. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Na Mungu awalipe wema walimu wangu wote, wale wa chuo cha Kurani walionifundisha alifu na yule wa karakana aliyenifundisha sifuri na moja.

Wanangu na wajukuu zangu mnaojifunza kazi ya kompyuta, majuzi binti mmoja anayekuja kwangu kusoma aliniuliza swali, nami nikamwahidi kulijibu kwa maandishi. Alisema, "Bibi, simu yangu hii ina kumbukumbu kubwa kuliko maboksi yote mliyofunga tangu muanze. Ya nini kujifunza kubana namba mbili kwenye nafasi moja?" Swali zuri. Nitalijibu kwa habari ya mtu aitwaye Mwenjuma, ambaye jina lake lilikaribia kuharibika kwa ajili ya tarakimu moja.

Mimi nimestaafu na naishi hapa Manundu, Korogwe. Watoto wa jirani wananiita Bibi Maboksi, kwa kuwa kazi yangu yote ilikuwa maboksi ya kuendesha pampu za maji. Sikuwa mtu wa kuyafunga kwa bisibisi, ingawa bisibisi naijua. Kazi yangu ilikuwa kuandika kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya programu, inayoamka kwanza boksi likiwashwa, inayogawa kumbukumbu, inayoamua nani afanye kazi sasa na nani asubiri. Simu zenu zina kiini. Boksi letu la bati lenye taa tatu na antena nalo lilikuwa na kiini chake, kidogo kama punje ya ulezi.

Lakini elimu ya kazi hiyo niliianza kabla sijaona kompyuta, kwenye foleni ya maji.

Nilizaliwa Handeni. Aliyezaliwa Handeni enzi zetu alijua kutayamamu kwa udongo kabla hajazoea kutawadha kwa maji. Bomba lilikuwa moja, na mtu hakuweza kukaa bombani siku nzima. Ana shamba, ana mgonjwa, ana chungu jikoni. Kwa hiyo kwenye foleni kulikuwa na vitu vya aina mbili. Mwenye dumu moja alilisimamisha pale pale, mdomo juu, na zamu ikifika linajazwa. Mwenye nyumba kubwa, yenye madumu mengi, hakuweza kuyapanga yote. Watu wangempigia kelele. Huyo aliweka jiwe. Jiwe maana yake ni kwamba mwenye nafasi hii yuko nyumbani na madumu yake, aitwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake na lilijulikana. La kwetu lilikuwa jeupe, lenye ufa, na mama alilifunga kipande cha kaniki ili lisichanganywe na mawe ya barabarani.

Basi mgawa maji akifika kwenye nafasi, jambo la kwanza ni kutazama: ni dumu au ni jiwe? Likiwa dumu, anajaza. Likiwa jiwe, anatuma mtu nyumbani. Mgawa maji mmoja alikuwa na macho mabaya, na siku moja alimimina maji juu ya jiwe la watu. Foleni nzima ililia, si kwa huruma ya jiwe bali kwa uchungu wa maji. Bibi mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, hilo hata ulimwagie mto mzima halitashiba."

Kumbukeni jiwe hilo, nitalirudia.

Nilipoingia karakana ya Korogwe nilikabidhiwa kwa Mzee Shembilu, mhandisi kutoka Lutindi, Mkristo mcha Mungu na mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne. Alikuwa na tabia ya kugonga meza mara mbili kila anapotaka kusoma kitu ndani ya kumbukumbu ya boksi.

"Hodi," anasema.

Tulikuwa tunamcheka. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mzee, unamgongea nani?"

"Namgongea aliyemo. Kwanza uliza ni nani. Ukishajua ni nani, ndipo uulize amebeba nini. Ukianza na mzigo, utakosea."

Maana yake ilikuwa hii. Ndani ya kiini kuna jedwali, yaani safu ya vijumba, na kila kijumba kinabeba namba moja tu. Kila kitongoji chenye tangi kilikuwa na kijumba chake. Tangi likituma kipimo kitupu, tuseme limejaa sitini kwa mia, hiyo sitini inatosha kijumbani. Hiyo ni thamani, kama dumu lililosimama. Lakini kitongoji kikituma taarifa ndefu, yenye jina lake, kiwango cha maji na hali ya betri, haienei. Taarifa inawekwa kwingine kwenye kumbukumbu, na kijumbani tunaandika anwani ya mahali ilipo. Vitabu vya siku hizi huiita kielekezi. Mimi naliita jiwe.

Sasa shida. Ukifungua kijumba unakuta namba, na namba haivai kanzu wala kanga. Sitini ya kipimo na sitini ya anwani ni pacha. Utajuaje kama umekuta dumu au jiwe? Mtu angesema, ongeza kijumba cha pili cha kuandika aina. Lakini hapo jedwali linakuwa mara mbili, na maboksi yale hayakuwa na nafasi ya kutupa.

Dawa ya Shembilu ilikuwa hii. Kila taarifa ndefu tuliianzisha kwenye anwani inayogawanyika kwa nne, kwa mpangilio, kama mkonge unavyopandwa kwa mistari. Namba inayogawanyika kwa nne ni shufwa, na mkiiandika kwa hesabu ya mashine, ya sifuri na moja, tarakimu yake ya mwisho ni sifuri. Daima. Sifuri hiyo inakaa bure.

"Tuipe kazi," alisema Shembilu. "Ikiwa sifuri, ni anwani. Ikiwa moja, ni thamani."

Basi kipimo kikija tunakizidisha kwa mbili na kuongeza moja. Ishirini na moja inakuwa arobaini na tatu. Arobaini na tatu ni witiri, kama rakaa ile tunayofungia sala za usiku, na anwani haiwezi kuwa witiri. Ukifungua kijumba ukakuta witiri, hiyo ni thamani: toa moja, gawa kwa mbili, unapata ishirini na moja yako. Ukikuta shufwa, hiyo ni anwani: nenda huko ukasome. Ukikuta sifuri tupu, kijumba hakina mtu. Gharama yake ni kwamba thamani kubwa kabisa mnayoweza kuweka inapungua nusu. Kwa tangi la maji hiyo si hasara. Hakuna tangi lililojaa zaidi ya mia kwa mia.

Angalau ndivyo tulivyodhani, mpaka Mazinde.

Huko Mazinde tulifunga boksi kwenye shamba la mkonge. Aliyeandika programu ya kioo, kile kinachowaonyesha watu kipimo, alichukua namba moja kwa moja kutoka kijumbani bila kupita mlangoni. Ninaposema mlango nataka kusema hivi: Shembilu aliandika vipande viwili vya programu, kimoja cha kuweka na kimoja cha kutoa, na kila mtu alitakiwa kupita humo. Huyu bwana wa kioo aliingia dirishani. Tangi likiwa na sitini, kioo kikaandika mia moja na ishirini na moja kwa mia.

Nyapara wa pale alikuwa mzee wa Kishambaa, mpole. Alivaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta, akasoma tena. Akatuambia, "Wageni, mimi nimebatizwa tangu utotoni, lakini hili boksi lina imani kunishinda."

Kosa la namna hiyo halina madhara, maana linajitangaza lenyewe. Chukueni hili kutoka kwangu: mkiona namba iliyo mara mbili ya ukweli na moja juu, kuna mtu amepita dirishani. Msihangaike na waya. Msibadilishe betri. Tafuteni dirisha.

Kosa baya ni lile linalovaa nguo za watu wengine. Sasa nakuja kwa Mwenjuma.

Shembilu alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Lutindi kulima. Karakanani tulikuwa na kijana aitwaye Baraka, mhandisi mwenye akili nyepesi na mkono safi, asiye na kiburi. Tulipewa kazi ya kufunga boksi kwenye kijiji kimoja cha Handeni. Jina nitaliacha, kwa heshima yao. Mwendesha pampu wa pale alikuwa Mwenjuma, mtu mzima, mkulima wa mahindi, na ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wa kijiji. Kwa siku za mwanzo boksi lilifanya kazi, kwa sababu kulikuwa na tangi moja tu lililounganishwa. Kisha wakaunganisha matangi ya vitongoji vingine, na kiangazi kikaingia.

Simu ilikuja kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja aitwaye Mama Rukia.

"Mama Zaina, njoo uchukue boksi lako," aliniambia. "Na sisi tutamchukua mtu wetu."

"Mtu gani?"

"Mwenjuma. Anafunga maji ili wenye punda wauze. Tumemnyang'anya ufunguo. Kamati inakaa kumwondoa."

Tuliondoka Korogwe na pikapu ya karakana, mimi na Baraka. Njiani Baraka alisema jambo moja lililonikaa kichwani. "Maboksi ya Mnyuzi na Mazinde, huku kwetu Korogwe, hayana tatizo hata kidogo. Ni Handeni tu. Labda kweli ni mtu." Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha kwamba dhana mbaya ni mzigo. Ukiubeba kabla ya kuhakikisha, umejitwisha dhambi ya bure. Lakini nakiri hoja yake ilikuwa na uzito, na pale kijijini kila mtu alikuwa nayo. Mitambo ni ileile. Korogwe inafanya kazi, kwetu haifanyi. Kilichotofautiana ni mtu.

Tulikuta foleni ndefu na tangi kavu. Mwenjuma alikuwa amekaa kando ya kibanda cha pampu, kofia magotini. Baraka akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Samahani, sina maji ya kuwakaribisha."

Mama Rukia alisikia. "Mwache aseme hivyo," akatuambia. "Boksi hili limemzoea kama mbuzi wa kufugwa. Akilipapasa, maji. Akigeuka, kavu. Sasa nyie wataalamu niambieni, chuma kinapenda mtu?"

"Ni kweli?" nikamuuliza Mwenjuma. "Ukiligusa maji yanatoka?"

"Ni kweli," akasema. "Nikilizima na kuliwasha, pampu inaamka. Baada ya muda mfupi inalala. Kioo kinaniambia matangi yamejaa. Mimi naona yako makavu. Nafanya nini? Nalizima tena, naliwasha tena. Nimefanya hivyo hata kidole kimeota sugu."

Mtu mmoja kwenye foleni akadakia, "Ndiyo hivyo hivyo. Akitaka yanakuja. Kwa nini hataki kila saa?"

Oneni jinsi jambo lilivyokuwa. Jitihada yake yote ya kuwapatia maji ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yake. Kama angekaa nyumbani akalala, wangelaumu boksi. Kwa kuwa alihangaika, wakamlaumu yeye. Na jambo lililomuumiza zaidi aliniambia kwa sauti ya chini, Mama Rukia alipokwenda kutuliza foleni.

"Kazi ya pampu naweza kuiacha. Lakini wameanza kusema, mtu anayefunga maji atatuitaje kwenye sala? Juzi nimeadhini, safu haikujaa. Wazee walikuja, vijana hawakuja."

Nilielewa hapo kwamba hatukuja kutengeneza boksi tu.

Nilifungua kompyuta, nikaiunganisha, nikaliwasha boksi. Pampu ikaamka, watu wakashangilia kidogo kwa dharau. Nikasubiri. Taarifa ya kitongoji cha kwanza ikaingia, sawa. Taarifa ya kitongoji cha pili ikaingia, na pampu ikalala palepale. Kioo: limejaa.

Nikagonga ubao wa kibanda mara mbili. Baraka akanitazama; hakuwahi kufanya kazi na Shembilu.

Sikusoma kupitia mlangoni safari hii. Nilitaka kuiona namba yenyewe, uchi, kama ilivyolala kijumbani. Na hii nayo ichukueni: mkipotea, iandikeni namba ghafi kwenye karatasi, kwa sifuri na moja, kisha tazameni tarakimu ya mwisho kabla ya zote. Kwenye kijumba cha kitongoji cha pili nikakuta elfu nane mia mbili na kumi na tatu.

Witiri.

Basi kiini kikasema, hii ni thamani. Kikatoa moja, kikagawa kwa mbili, kikapata elfu nne mia moja na sita. Elfu nne kwa mia. Tangi limejaa na kufurika na kuizamisha wilaya. Kiini kikafanya kama kilivyofundishwa na Shembilu kwa ajili ya usalama: tangi lolote likizidi, zima pampu. Na kioo cha siku hizi, tangu aibu ya Mazinde, kilikuwa kimefundishwa kwamba chochote kinachozidi mia kiandikwe "limejaa" tu. Hivyo hata ile namba ya ajabu haikuonekana na mtu.

Lakini kipimo cha tangi hakiwezi kuwa elfu nne. Ile haikuwa thamani. Ilikuwa anwani iliyokaa mahali pa witiri, jiwe lililosimamishwa mdomo juu kama dumu. Kiini kimemimina maji juu ya jiwe.

"Baraka," nikasema, "taarifa ndefu zina urefu gani sasa?"

"Nafasi kumi na tatu."

"Zilikuwa kumi na sita. Herufi kumi na mbili za jina, na nne za vipimo."

Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Nilikata Kwa."

Mliotoka mbali sharti niwaeleze. Handeni ni nchi ya Wazigua, na majina ya vijiji na vitongoji vyake mengi yanaanza na Kwa, kwa jina la mzee aliyekaa pale kwanza. Kwafulani na Kwafulani, mpaka mgeni achoke. Baraka alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka ujumbe wa simu kwa kamati, na akaona Kwa ileile inajirudia kwenye kila taarifa. Akaona ni upuuzi kuihifadhi. Akaikata kwenye kumbukumbu, na kioo kikafundishwa kuirudisha wakati wa kuandika. Ni akili nzuri, na wala simcheki. Lakini kumi na mbili ukitoa tatu ni tisa, na taarifa ya kumi na sita ikawa ya kumi na tatu. Ya kwanza ikaanzia mahali pazuri panapogawanyika kwa nne. Ya pili, kwa kuwa zilipangwa zikigusana, ikaanzia kwenye witiri. Alipoijaribu mezani Korogwe alitumia jina moja tu, kwa hiyo ile ya pili haikuwahi kuzaliwa. Mnyuzi na Mazinde hazianzi na Kwa, na maboksi yake hayakuguswa.

Ndiyo sababu ilikuwa Handeni tu. Na boksi likizimwa, vijumba vinafutika, mambo yanaanza upya, na pampu inakimbia mpaka kitongoji cha pili kiseme.

Nilimpigia Shembilu kule Lutindi, kwa heshima tu, maana jibu tulikuwa nalo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na yule mzee amepewa ufunguo wake?" Hakuuliza chochote juu ya namba.

Kurekebisha kulikuwa rahisi: urefu urudi kumi na sita, hata kama nafasi tatu zitakaa tupu. Na tukaongeza jambo ambalo hata Shembilu hakuliandika. Mlango wa kuwekea sasa unaikagua anwani kabla ya kuipokea. Ikija ya witiri, boksi linasimama, linawasha taa nyekundu, na linaandika kwenye kioo kwamba lina kosa. Mitambo inayokiri kosa inaokoa watu kusingiziwa.

Baraka alitaka tuseme ni hitilafu, tuombe radhi, tuondoke. Nikamwambia, "Hitilafu kila mtu anaisema, hata mwizi. Hawatakuamini." Akafikiri. Kisha akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya foleni. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Mimi niliomba madumu na mawe. Nikayapanga chini, dumu, jiwe, dumu, na sikuhitaji kueleza sana, kwa kuwa foleni ya mawe wanaijua kuliko mimi. Nikasema boksi nalo lina foleni ndani, na limeliona jiwe la kitongoji cha pili likadhani ni dumu, tena dumu lililofurika, ndipo likafunga maji.

"Kwa hiyo boksi halina macho," akasema mama mmoja.

"Lina macho. Alama ndiyo iliyofutika."

"Nani kaifuta?"

"Mimi," akasema Baraka. "Nilikata jina la vijiji vyenu ili nipate nafasi. Nilitoa Kwa."

Mama Rukia akaegemea nguzo ya kibanda. "Kumbe mwizi alikuwepo kweli," akasema. "Ila hakuiba maji. Kaiba Kwa."

Watu walicheka, na nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Sauti ikatoka nyuma, "Maneno ya Korogwe hayo. Mmelitengeneza na yeye akiwa hapo hapo ubavuni. Tutajuaje?"

Kusema haki, alikuwa na hoja. Mama Rukia akakata shauri. Kibanda kifungwe, ufunguo akae nao yeye. Mwenjuma asiguse wala asikaribie. Akae kwenye foleni na dumu lake kama mtu yeyote. Boksi liendeshe pampu lenyewe, lijaze matangi, liizime, na tangi likishuka liiwashe tena lenyewe. Likifanya hivyo, atarudishiwa kazi. Lisipofanya, aende kwake.

Mwenjuma akachukua dumu lake, akakaa nyuma kabisa.

Pampu ilifanya kazi mpaka matangi yakajaa, ikazima. Kitongoji cha pili kilikwisha sema, na cha tatu, na cha nne. Hiyo ilikuwa nusu ya mtihani. Nusu ya pili ilikuwa kuwasha, na hapo tulisubiri tu, watu wakichota, maji yakishuka taratibu. Walikuwa wakimtazama Mwenjuma zaidi ya walivyolitazama boksi. Akijikuna, wanatazama. Akikohoa, wanatazama. Baraka jasho lilimtoka. Nikampa tasbihi yangu aishike, ingawa ni Mkristo, akaishika.

Ikafika alasiri. Mwenjuma akainua kichwa, akatazama kivuli, akamtazama Mama Rukia.

"Wakati umeingia," akasema. "Niende, au nibaki foleni?"

Mama Rukia alisita, kisha akasema, "Nenda. Sala si ya kamati."

Msikiti uko upande wa pili wa kijiji, juu kidogo, na kibanda cha pampu kiko bondeni. Tulimwona akipanda, akinawa kwa dumu lile lile alilokuwa amelijaza kwa zamu yake, akisimama barazani. Hakukuwa na kipaza sauti. Akaweka mikono masikioni, akaanza.

Alikuwa katikati ya adhana wakati pampu iliponguruma bondeni nyuma yetu.

Sauti yake inatoka kule juu, kila mtu anaisikia na kila mtu anamwona, na pampu inavuma huku chini, mlango umefungwa, ufunguo umo kwenye upindo wa kanga ya Mama Rukia. Akamaliza adhana polepole, bila kuharakisha hata tamko moja, kwa sababu yeye kule hakuwa akiisikia pampu.

Mama Rukia alifungua upindo wake, akautoa ufunguo, akautazama. "Basi mikono yake haifiki huku," akasema. Akamgeukia yule mtu wa nyuma. "Na wewe, uliyeuliza tutajuaje. Nenda kasali. Na huu mpelekee."

Waliacha madumu kwenye foleni yakiwa yamesimama, na waliokuwa na nyumba kubwa wakaacha mawe yao, wakapanda. Tuliosali upande wa wanawake tuliwasikia wakipanga safu, na imamu akiwaambia wasogee, wasogee, bado wengine wanaingia.

Mzee Shembilu amekwisha kutangulia, Mungu amlaze mahali pema. Baraka sasa ana wanafunzi wake, na nasikia anagonga meza.

Binti yangu uliyeniuliza, hilo ndilo jibu. Kiini cha simu yako ni kikubwa, lakini ndani yake ujanja huohuo bado unatumika. Utawakuta wakitumia tarakimu za mwisho kutenganisha thamani na anwani, kwa haraka na kwa kubana nafasi. Jifunze, na ulinde mlango. Mwisho wa kila kijumba unachokiandika kuna mtu aliyekaa kwenye foleni na dumu lake, hakujui, wala hawezi kusoma ulichoandika.

Ewe unayesoma haya, Mungu akupe macho ya kutofautisha jiwe na dumu, na subira ya kuuliza ni nani kabla ya kuuliza amebeba nini. Akulinde na dhana za watu, na awalinde watu na dhana zako. Na siku utakapoita, akujaalie safu ijae. Amina.